Watatu

Mali bila daftari, husemwa, hupotea bila habari.
Mume wangu alikuwa na madaftari sitini:
pakiti za sigara, kingo za magazeti,
ukuta wa nyuma ya mlango, kwa penseli,
na kubwa kuliko yote, kichwa chake,
ambalo tulilizika Machi, theluji bado ikitufika magotini.

Hapa Gyumri tunafua sufu, tunaichambua,
tunaipiga kwa fimbo hadi ikumbuke kuwa ni nyepesi,
kisha tunaishonea ndani ya blanketi.
Hiyo kazi naijua.
Hesabu ilikuwa ya Mnatsakan.

Nazeli, binti wa mdogo wangu, akaja na simu.
“Mama mkubwa, leta vyote.”
Nikaleta gunia.
Siku tatu alipiga picha vikaratasi,
akampa kila mteja ukurasa wake,
kila ukurasa lebo:
kijani, amelipa. Manjano, nusu. Nyekundu, bado.
Kidole changu, kilichozoea sindano,
kilikuwa kizito juu ya kioo;
niliandika godoro moja, yakatokea manne.

Lakini nikaonja utamu.
Niliandika Artavazd kwenye kisanduku cha kutafutia
akatoka papo hapo, mzima mzima:
kilo nane za sufu, kitambaa cha mistari,
na dramu elfu kumi na mbili
alizoapa kwa kaburi la mama yake kwamba alilipa.
Alisoma. Akakohoa. Akatoa pochi.
(Mama yake yu hai, anauza jibini sokoni.)
Usiku ule nilicheka peke yangu jikoni,
mara ya kwanza tangu Machi.

Jumatatu akaingia Heghine kununua uzi mweusi.
Simu ilikuwa mezani, kati ya mkasi na chaki.
Ikalia.
Ikawaka, herufi kubwa kama za bango:
HEGHINE. MABLANKETI MATATU. BADO.

Yule mama husoma bila miwani.
Akaurudisha uzi kikapuni, taratibu,
akafungua mkoba, akazipanga sarafu moja moja,
akaniuliza, bila kuniangalia,
“Matatu, siku hizi, ni kiasi gani?”

Nikasema simu ni mpya, haijui watu.
Nikasema mengine pia, siyakumbuki.
Alipotoka, mlango ulichelewa kufunga
na baridi yote ya mtaa ikaingia.

Nazeli alikuwa amepiga picha upande wa mbele tu.
Nililimwaga gunia sakafuni,
ambalo tungelichoma Jumamosi kama si uvivu wangu,
nikaipata ile pakiti, nikaigeuza.
Mwandiko wake, wa haraka, penseli imefifia:
*Usimdai. Desemba ile. Watatu.*

Mbele aliandika matatu.
Nyuma, watatu.

Nilikaa juu ya sufu mpaka taa za barabarani zikawaka.
Mji wetu ulipoporomoka Desemba ile
watu walifunikwa kwa chochote kilichopatikana,
na sisi tulikuwa na mablanketi.
Miaka yote hiyo alimwuzia uzi Heghine
akimlalamikia bei ya kabeji.

Nikampigia Nazeli. Nataka lebo nyingine.
“Rangi gani?”
Haina rangi.
“Ikukumbushe lini?”
Isinikumbushe. Ikumbuke yenyewe, inyamaze.
Akatafuta muda mrefu, nikisikia kucha zake kwenye kioo,
akasema kitufe cha hivyo hakipo,
lakini kengele inaweza kuzimwa.
Tukaizima.

Asubuhi niliufunga ule uzi katika karatasi
nikampa mtoto wa jirani aupeleke.
Kisha nikaandika, kwa sababu sasa ninaandika kila kitu:
Uzi mweusi, mmoja. Heghine.
Penye bei nikapaacha.
Simu ikauliza kama nina hakika,
sehemu moja haijajazwa, niendelee?

Nikabonyeza: endelea.